Mpira wa Baiskeli

Ameileta Somoe binti Nampunju,
imefungwa kwenye kipande cha kanga, mafundo mawili,
kama mtu aletaye jino.
"Ya baba. Alikuwa akizamia gatini,
kukwangua chaza kwenye nguzo za bandari."
Akakalia ndoo yangu, akatazama mikono yangu, si uso.

Nzito. Ya wazamiaji wa zamani:
pete ya nje ina alama sitini,
huzunguka upande mmoja tu
ili mtu akikosea, akosee kwa kurudi juu mapema.
Sasa haizunguki popote. Chumvi imeishika.
Akrabu fupi imesimama kwenye nne,
yaani saa kumi. Ya alasiri, au ya kuamkia daku,
saa haisemi.

Nikailoweka pete kwenye siki, nikangoja
malori matatu ya korosho yapite Chikongola
yakiniachia vumbi juu ya kitambaa cheupe.
Pete ikalegea. Ikalia: tk.
"Hiyo!" akasema Somoe. "Usiku aliizungusha gizani,
ndipo tukajua yuko macho."

Mgongo ulifunguka kwa shida.
Ndani, kutu nyekundu kama chai ya rangi.
Kamani imekatika. Gurudumu la tatu halina meno mawili.
Mizani ina uhai bado: nikiipulizia inatikisika
kama kuku aliyelala.
Unga wa kung'aa kwenye namba umekuwa kahawia;
siugusi, una sumu isiyozeeka.

Halafu nikageuza mfuniko kwenye mwanga.
Mafundi huandika huko kwa ncha ya sindano,
mahali mwenye saa hapaoni kamwe:
tarehe, herufi, pengine deni.
Nikavaa lenzi.
D.L. 6/87.

Dadi Likwata. Mimi.
Mkono wangu wa miaka ishirini na miwili,
ile D yenye tumbo la majivuno.
Na mpira wa kuzuia maji, nilioung'oa kwa koleo,
si mpira wa saa. Ni tyubu ya baiskeli.
Niliikata kwa wembe, nikaipaka grisi,
nikamwambia mtu, "Nenda nayo hata chini ya meli."

(Maduka yalikuwa matupu mwaka ule. Ni kweli.
Ni kweli pia kwamba sikumwambia.)

Nikaonja kutu kwa ncha ya ulimi.
Bahari, au jasho: chumvi haina kabila.

"Somoe," nikasema, "maji yaliingilia kwangu."
Akaushika ule mpira uliokakamaa,
akaukunja, ukakatika.
"Baba alijua. Alikuwa akiivua,
akiitundika msumarini kabla ya kushuka.
Alisema fundi wake kijana, ana njaa.
Chini alihesabu kwa moyo."

Sikupata la kujibu. Nikatafuta kwenye kopo.

Kopo la maziwa lina saa saba za marehemu;
moja ilikuwa na kamani ya kufaa.
Gurudumu limetoka Dar kwa basi, wiki tatu,
pamoja na kioo, na mpira wa kweli,
mweusi, mwembamba kama ukope,
bei yake kikombe cha chai.
Kikombe cha chai!
Mikwaruzo ya pete nimeiacha. Hakuna aliyeniagiza.

Sasa ni usiku, umeme umekatika tangu magharibi.
Saa imo ndani ya bilauri ya maji,
tochi ya simu inaimulika kutoka chini.
Inatembea. Nimeizungushia pete nusu saa kamili
na sipepesi jicho.
Ndani ya mfuniko, chini ya ile D,
sijaandika kitu.
Dakika ya kumi na moja, ubavuni mwa pete,
kipovu kimoja.

Huenda ni hewa tu, iliyojificha kwenye meno ya pete.
Huenda.
Nasubiri cha pili.