Mstari Mfupi

Kwenye fomu palikuwa na mstari mfupi: nchi ya asili.
Babu akasema, andika Chirang.
Andika shamba la Siwakoti, ng'ambo ya kijito,
michungwa mia mbili na kumi, na iliki kivulini mwake.
Babu, mstari ni mfupi.
Basi waurefushe.

Mimi nimezaliwa hapa Beldangi, kibanda cha sabini na tatu,
nikaota meno kwa mchele wa msaada.
Watu wa mbali nisiowajua sura
walinilipia chanjo, kalamu,
hata nailoni iliyotuvujia masika baada ya masika.
Nailoni yao. Mvua si yao.
Sina neno nao.

Tuliokuwa tukiwangoja ni mawaziri.
Walikutana, nchi hii na ile,
nasi tumeizunguka redio ya Bhagirath,
betri zake tumezianika juani zipate roho,
na kila kikao kiliafiki jambo moja:
kukutana tena.

Halafu nchi nane zikasema, tutawachukua sisi.
Zote za kupandiwa ndege.
Ile ya tisa, tuliyoletwa kutoka kwake kwa lori
kati ya alfajiri na magharibi,
haikusema kitu.

Kambi ikapasuka kama tikiti.
Mjomba Manorath hakutuamkia tena.
"Mwacha asili ni mtumwa!" alipaza sauti bombani,
asimtazame mtu.
Babu akaitua ndoo.
"Na asili ikikuacha wewe, Manorath, unaitwaje?"

Maji yakakatika. Kila mtu akaondoka na nusu ndoo yake.

Darasa la safari: choo cha ndege, mkanda, jiko la umeme.
Kufundisha theluji, mwalimu alinunua barafu
kwa muuza samaki wa Damak, akaipitisha kwenye bakuli.
Ilinuka samaki.
Babu aliishika mpaka ikaisha,
akatoka nje, akaikung'uta mikono juu ya mmung'unye wetu
uliotambaa hadi kwenye paa.
"Maji tu," akasema. "Ila yana kiburi."

Picha ya kifua chake ikaonyesha doa.
Safari ikaahirishwa miezi sita, vidonge kila asubuhi,
naye akafurahi
kama mwanafunzi aliyesikia mwalimu anaumwa.

Miezi sita nayo huisha.

Sheria ya kambi: anayeondoka,
kibanda chake kinabomolewa siku hiyohiyo.
Vijana wakaja na mapanga.
Babu akawazuia: aliyefunga ndiye afungue.
Akafungua fundo mojamoja, kwa kucha, huku basi linapiga honi,
na nilipotazama upande wa pili wa paa
nikaona mikono imeshikilia mwanzi usianguke.
Ya Manorath.

Hawakusemezana.
Mwanzi wa mwisho ulipolala chini
Babu akatoa kifuani stakabadhi ya kodi ya shamba,
imeliwa kwenye mikunjo, muhuri umebaki
kama alama ya kikombe cha chai.
"Wale wa nchi nane nimewapa nakala," akasema.
"Ya asili kaa nayo wewe.
Wewe unayengoja, ngoja nayo."

Ofisa akaupima mzigo wake. Ruhusa ni kilo ishirini.
Kumi na moja, akasoma, akatikisa mizani
akidhani imekwama.

Nikakaa dirishani, mfuko wa nyaraka mapajani,
Babu pembeni yangu akichokonoa kucha zake
zilizojaa nyuzi za kamba.
Hakugeuka. Niligeuka mimi.
Pale palipokuwa sabini na tatu
mmung'unye ulilala kifudifudi, hauna pa kupanda,
na mtu mmoja ameinama
anausimikia fito.