Ikishuka

Ambakisye, muuzaji, alikuwa na shati lililopigwa pasi mara mbili
na karatasi inayong'aa. Akasoma kama anayetangaza ndoa kanisani:
hii ni dizeli, ina tabo, nguvu zake hizi;
hii ni petroli, haina tabo, nguvu zake hizi.
Pikapu mbili nyeupe, pua zimeelekea Soko Matola.
Bei hazijaachana sana.

Shemeji Zakayo alishaamua tangu Chimala.
"Dizeli," akasema, akalipiga bodi kofi
kama anampongeza mtu. "Mzigo ni dizeli.
Petroli ni ya watu wa harusi."
Akanihesabia lita kwa vidole, akataja kila lori
lililowahi kupanda kwetu na saruji,
na yote, kwa maelezo yake, yalipanda yakiimba.

Sikubisha. Asubuhi za Juni kule Matamba
dizeli nimeziona: taa ya njano inawaka, unasubiri,
unasubiri tena, kabichi zimevaa barafu,
mpaka jirani anatoka na kikombe chake cha chai kutazama.
Na petroli naijua: kwetu ipo hata dukani kwa mama Atwisile,
kwenye chupa za maji, kwa ajili ya bodaboda.
Dizeli mpaka ushuke.

Mpaka ushuke. Hapo ndipo wazo langu liliponasa.

Kwa sababu viazi havipandi.
Viazi vinashuka,
lumbesa kumi, kona hamsini na saba,
na kule juu tunarudi na nini? Chumvi,
mafuta ya kupikia, mifuko miwili ya mbolea, usingizi.
Nyie wote mnanisomea mlima.
Mume wangu hakuumizwa na mlima.
Goti lake lilibaki kona ya thelathini na tisa,
breki zikinuka kama kwato iliyochomwa,
ile pikapu ya zamani ikishuka na mzigo wa Krismasi.

Basi nikamwuliza Ambakisye: ikishuka je?
Akageuza karatasi. Akaigeuza tena.
"Mama, breki zipo."
Sikuulizi breki. Nakuuliza injini yenyewe,
nikiondoa mguu, itanishika au itaniacha?

Nikakataa kujaribu tupu. Tukaazima saruji kwa jirani,
mifuko kumi na sita, Ambakisye akibeba
huku kidevu kakiweka mbali na shati lake.
Tukaenda Iwambi, ule mteremko wa Mbalizi,
Zakayo siti ya nyuma, amenuna.

Dizeli kwanza. Gia ya pili, mguu pembeni.
Iliguna, ikafikiri, ikateleza kidogo
kama mtu anayekubali shauri asilolipenda.
Tukarudi, tukahamisha saruji. Hakuna aliyeongea.
Kisha petroli. Gia ile ile, mteremko ule ule.
Ikalia juu, sauti nyembamba ya hasira,
ikanivuta nyuma kama mama anayekamata upindo wa gauni
la mtoto aliyeona peremende ng'ambo ya barabara.

Nikamwambia Ambakisye apige namba ya nyumbani,
aishike simu pale karibu na usukani, asiseme kitu.
Mume wangu, ambaye tangu Krismasi ile hataki habari za magari,
alisikiliza mpaka Mbalizi.
"Hiyo," akasema, "gia ya ngapi?"
Ya pili.
"Breki?"
Sijagusa.
Kimya. Nikasikia kiazi kikidondoka kwenye ndoo,
kisha kingine. Alikuwa anachambua mbegu.

Itakula mafuta, Zakayo, najua.
Kwenye kupanda itahema, hasa kupita kona ya arobaini,
pale hewa inapopungua.
Na mimi nahema pale pale.
Tutahema wote, tukiwa tupu, bila haraka.

Ambakisye akanipa kalamu.
Saruji ilikuwa imemwachia kiganja cheupe begani.
"Na rangi, mama? Zipo nne."
Hilo hata sikuwa nimelifikiria.