Mwenye Uzi

Saa tatu na dakika kumi, Februari, mjini Tartu,
jua limefika kimo cha mbuzi na halina haja ya kupanda zaidi.
Linavuka mto ulioganda,
linaingia ghorofa ya nne bila hodi
na kukaa kitako juu ya skrini ya Maarika.

Mipaka ya mashamba anayosajili inafutika yote.
Anakunja uso. Anasogeza kiti. Anageuza skrini.
Mwisho anavuta uzi wa shanga,
krr, krr, krr,
pazia linashuka hadi kizingitini.

Hakuuliza mtu. Angemuuliza nani?
Uzi uko mezani kwake, na mwenye uzi
ndiye mwenye jua.

Meza tatu ndani, Leelo anabonyeza swichi.
Nje kweupe pe, theluji inachoma macho;
ndani taa kumi na mbili zinajitahidi
kuigiza mchana tulioufungia nje.

Saa tano jua limehamia ukuta mwingine.
Pazia halikupanda.
Machi theluji ikawa matope.
Pazia palepale.
Kulishusha kuna sababu, kulipandisha hakuna:
nani aliwahi kuumwa jicho na kivuli?

Uongozi ukaleta kihisi, kijicho cheupe darini,
kizime taa pasipo na mtu.
Urmas husoma hati bila kutikisika, kama jiwe la mpaka,
na kila robo saa giza humwangukia.
Huinua mkono, kichwa hakiinui.
Siku hizi tunainua sote, kumsaidia.
Mgeni akichungulia mlangoni
hudhani tunapiga kura.

Aprili Maarika alilazwa, nyonga.
Kiti chake kilikaa kitupu wiki mbili, sweta mgongoni,
na hakuna aliyegusa uzi.
La mwenzio hulifungui,
hata akiwa hayupo, hata ukiwa gizani.

Mpaka Jevgenia, anayesafisha alfajiri,
aliyetaka kufuta vioo tu.
Akapandisha mapazia yote, akafuta,
akaenda zake. Hakuyarudisha.

Leelo, mwaka wake wa sita hapa,
aliingia na koti begani, akasimama.
Barafu ilikuwa imevunjika; mabamba yake
yalipita taratibu chini ya daraja.
"Kumbe mto unaonekana," alisema.

Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye swichi.
Ukakaa hapo.
Kisha ukashuka.