Upande wa Pili

Fomu ina kurasa nne. Ya kwanza niliimaliza mbio:
jina, leseni, namba ya gari nililokodi siku mbili tu
niende nalo Uru, kipaimara cha mtoto wa dada,
nishuke kama wanavyoshuka wenzangu kila Desemba,
mlango ukijifunga kwa ule mlio mzito, wa pesa.

Ofisi ya bima iko juu ya duka la dawa za mifugo.
Ngazi nzima inanuka dawa ya kuogeshea ng'ombe.
Bi Ndeonasia, miwani kwenye ncha ya pua,
anapitia picha: bampa, taa ya nyuma,
buti lililobonyea kama sufuria ya msibani.
"Uligonga nini?"
Jiwe, nikasema.
Akavua miwani.
"Jiwe lenye vigae?"

Ukurasa wa tatu. Upande wa pili.
Jina la mwenye mali iliyoharibiwa:
Anaeli Ndekirwa Mmari.
Umri: sikujua nihesabu mpaka lini.
Kazi: mkulima wa kahawa. Nikakata. Nikaandika tena.
Je, alikuwepo wakati wa tukio? Ndiyo.
Je, alijeruhiwa?
Namba ya simu.

"Kaka," anasema, kwa sauti ya nesi,
"bima hii ni ya barabarani. Uani kwenu si barabarani.
Na hata ingekuwa barabarani, laki nane za mwanzo ni zako.
Soma hapa."
Maandishi kama utitiri wa kuku.
Mwenye gari amenipigia mara sita tangu asubuhi.
Trafiki naye jana alitaka nimchoree mahali; nikachora
nyumba, mgomba, mgomba, mgomba, msalaba.
Akatazama, akauliza nani alikuwa na haki ya njia.

Baba hakuwahi kumiliki hata baiskeli.
Lakini kila gari lililoingia kihambani kwetu,
pikapu ya kahawa, lori la mchanga,
hata ambulensi iliyomfuata mwenyewe,
yeye ndiye aliyesimama nyuma, kofia kwapani,
akipiga bodi kwa kiganja:
njoo, njoo, kata kushoto yote,
njoo,
njoo,
basi!

Jumapili nilirudi nyuma taratibu.
Kioo kilijaa majani ya migomba.
Nilizima redio, nikashusha dirisha.

Maelezo ya dereva, mistari miwili tu wametoa.
Nimeandika: nilisikiliza, hakuna aliyesema basi.

Bi Ndeonasia anasoma. Anasoma tena.
Anagonga muhuri: IMEPOKELEWA,
si kwamba imekubaliwa, ananifafanulia, imepokelewa tu.
Kisha, akiwa tayari ameinamia faili la mtu mwingine:
"Vigae nenda Kiboriloni, kuna fundi nampeleka watu.
Ila vyeupe vile hawaleti siku hizi.
Atakupa vya kijivu."