Shikamoo, Mzee

Beji kifuani imeandikwa Mzee.
Nina miaka kumi na tisa, ndevu saba:
nimezihesabu leo kwenye kioo chenye ufa
huku mwenzangu, Mzee Mwepu, akipiga pasi shati
na kuimba puani wimbo wa kwao Lubumbashi.

Pale chini, Bwana Khatibu
mwenye miaka sabini na ushei
aliisoma beji mara mbili, akavua kofia, akainama:
"Shikamoo, Mzee."
Baraza zima likaangua kicheko.
Nami, mtoto wa Chyulu niliyefunzwa adabu,
sikujua niitikie au nikimbie.

Akanimiminia kahawa. Nikakataa.
Sikujua bado kwamba kahawa huku si kinywaji, ni kiti;
ukiikataa, umekataa kukaa.

Vijana wa rika langu Kibwezi wanaendesha bodaboda.
Mimi nina tai mbili na masharti:
usimwache mwenzio, nyumbani piga simu Jumatatu,
na hapa Unguja usigonge mlango wa mtu kwa ajili ya dini.

Basi hodi yangu ni ndoo.
Pampu ya Michenzani imekufa tangu Maulidi.
Ngazi themanini na nane hadi kwa Bi Mgeni,
ndoo kulia, ndoo kushoto, tai nimeitupia begani,
na maji yanamwagika kiatuni kila nikikata kona.

"Mnalipwa na nani?"
"Hatulipwi, bibi. Wazazi ndio wanatuchangia."
Akanitazama kwa huruma.
"Kwani mlikosa nini?"

Mjukuu wake, Tatu, alicheka mpaka akakaa chini.
Ndiye anayeninyoosha ulimi:
si mbahari, ni bahari. Si mbarua. Sema tena.
Ndiye pia aliyetangaza ukumbini
kwamba Mzee si mzee, na Mgeni si mgeni,
na kwamba watu wazima hawajui kupeana majina.

Usiku napiga magoti kwenye mkeka.
Niliahidiwa sauti ndogo, tulivu.
Nasikia feni. Umeme ukikatika, hata feni sisikii.
Mwepu keshalala, Biblia usoni kama chandarua.
Bwana, nasema, niko orofa ya pili,
Michenzani, mlango wa kijani,
kama vile Yeye ndiye aliyepotea njia.

Jumapili, Mbweni, chumba cha kupanga:
viti kumi na vinne, watu tisa,
Dada Perpetua katoka zamu ya usiku, viatu mkononi.
Mkate wetu ni boflo la dukani kwa Seif.
Sisi hatuna divai. Tuna maji,
kwenye vikombe visivyozidi subana ya fundi cherehani.
Sala yake haibadilishwi hata neno.
Nikaruka neno.
Kiongozi akatikisa kichwa, taratibu: anza upya.

Nikaanza upya, masikio yakiwaka,
na katikati ya sala, sikulitafuta hili,
nikaona kata ya Bi Mgeni ikizama pipani,
midomo yake ikisema Bismillahi
kabla ya funda la kwanza, maji yale yale
niliyoyalaani jana kwenye ngazi ya sitini.
Sijui nilifikaje amina.
Perpetua alikuwa analia, au ni usingizi tu.

Jumatatu nikamkuta Bi Mgeni kashika birika.
"Nimeuliza. Majani ya chai hamnywi.
Huu ni mchaichai mtupu, nimeuchuma mwenyewe.
Kaa."
Nikakaa.

Jioni, simu. Mama yuko shambani, upepo unavuma kwenye mbaazi.
"Umeshabatiza wangapi?"
"Hakuna, mama."
Kimya. Salio langu linayeyuka.
"Sasa huko unafanya nini?"
Nikatazama kiganja,
mstari mwekundu wa mpini wa ndoo ukikatiza ile mingine niliyozaliwa nayo.
"Nateka maji."
"Ya nani?"
Simu ikakatika,
na swali likabaki nami, limejaa hadi ukingoni,
nikalishika kwa mikono miwili.