Kutu ya Shaba

Tromboni tuliikuta uvunguni mwa kitanda cha marehemu Mzee Lali,
aliyepiga beni Lamu enzi za koti jeupe na vifungo.
Kadzo akaipuliza. Ikatoka mende, ukatoka mchanga,
kisha sauti ya ng'ombe anayekataa kupelekwa mnadani.
Tulicheka hadi tukakaa chini.
Basi, tuna bendi.

Gitaa la Bwanadi lilikuwa na nyuzi nne.
Ngoma zetu: madebe ya rangi kutoka gereji ya Maweni,
na Kahindi, mkata chumvi wa Gongoni,
aliyapiga kama anayedai mshahara wa miezi mitatu
(alikuwa anaudai kweli).

Ska tulijifunza kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.
Siri yake ndogo: gitaa halilii mguu unapotua,
hulia mguu ukiwa hewani,
kama mtu anayeruka dimbwi.
Na panki?
Panki ni kulikanyaga hilo dimbwi makusudi,
na viatu vya Idi.

Harusi ya Muyeye tulidumu dakika saba.
Mama wa bibi harusi alichomoa waya kwa mkono wa hina mbichi,
akatutupia noti mbili.
Pesa ya kwanza ya sanaa yetu
tulilipwa tunyamaze.

Tukahamia hoteli ya Mtaliano, ile iliyofungwa,
ndani ya bwawa la kuogelea lisilo na tone.
Vigae vya buluu viliirudisha kila kelele mara mbili.
Mlinzi, Kenga, alikuja na rungu usiku wa kwanza;
wa tatu alitumulika kwa tochi, ndiyo taa ya jukwaa.
Wakaja wa bodaboda. Wakaja wasichana, buibui zimefungwa kiunoni.
Wakaja wa chumvi, visigino vimepasuka,
wakaruka upande wa kina kirefu.

Halafu redio. Halafu Mombasa.
Halafu barua ya Nairobi, yenye muhuri na tarehe,
na tarehe ile Kahindi alikuwa zamu.
"Nendeni," alisema. "Madebe hayapandi basi."
Hatukubishana vya kutosha. Naliandika hili lijulikane.

Mpigaji mpya ana ngoma za kweli.
Hakosei hata pigo moja; ndiyo taabu yake.

Jukwaani, watu elfu mbili waliruka pamoja.
Kwa nukta moja miguu yote ilikuwa hewani,
na kabla haijatua
nilisikia madebe.