Sampuli ya Herufi

Januari, Romania, mwaka wa themanini na sita.
Veturia Dragomirescu anavuta sleji ya watoto,
juu yake taipureta imeviringishwa blanketi
kama mgonjwa anayekimbizwa zahanati.
Sheria inataka kila mashine, kila mwaka,
ifikishwe kituoni ikahakikiwe.
Hakiki: neno limebeba haki tumboni,
na mwaka wa ngapi huu halizai.

Mashine alipewa baba yake, Anghel,
na chama cha wachimba makaa,
aandikie kumbukumbu za mikutano
mgodi ulipotoka mikononi mwa wenye mgodi.
Msimwambie Veturia kwamba yote yalikuwa uongo.
Anamkumbuka babu akikohoa weusi kwenye leso,
na tajiri akileta jeneza kwa mkopo.
Kisha ikaja hospitali. Vikaja viatu.
Yeye, binti wa mchimbaji, akasomea hisabati
na hakuna aliyemuuliza atalipa nini.
Hilo halifuti. Hilo ni jibu sahihi
na ameliwekea vema kwa mkono wake.

Ila karatasi ina ukurasa wa pili.

Wiki iliyopita alisimama foleni tangu saa kumi alfajiri,
kwenye baridi inayouma hadi mzizi wa jino,
akaambiwa maziwa hakuna, na kuuliza hakuna.
La kwanza angelivumilia.
Usiku akafunika dirisha, akaweka taulo chini ya mashine,
akapiga sentensi moja, nakala nne:
*Maziwa ya watoto yarudi dukani.*
Si tusi. Si mapinduzi.
Anghel angeiingiza kwenye kumbukumbu, akaisoma kwa sauti.

Kituoni, picha inatabasamu ukutani;
chini yake jiko halina kuni.
Sajini Mocanu ameketi na koti na glavu.
Alimfundisha huyu, darasa la tano:
mtoto mpole, ila kugawanya
hakuwahi kukuelewa.

"Ndugu Mwalimu, piga ninachokutajia.
Katika nchi yetu kila mtu ni huru."

Anapiga. Vidole vimekufa ganzi.
Tangu Anghel aiangushe ngazini,
herufi *r* ya mashine hii haikai na wenzake:
hurukia juu ya mstari kidogo,
kama mtoto anayenyoosha mkono darasani
kabla hajaitwa.
Na sasa imo pale, katikati ya *huru*,
mkono juu.

Sajini anaitazama. Anafungua droo, anatazama ndani,
anaifunga.
Veturia anataka kumwambia: Pavel, mwanangu,
mdomo ni huu mmoja.
Unaotafuna ndio unaouliza.
Nani alikufundisha kwamba mkate ukiingia
sauti itoke kuupisha?
Na sasa sauti imetoka, mkate u wapi?
Anataka kumwambia: ujamaa una jamaa ndani yake,
lakini ni jamaa gani hii
ambamo baba peke yake husema mezani
na sahani zote, isipokuwa moja, ni tupu?
Mgodi tuliuchukua kwa mtu mmoja
tukamkabidhi mtu mmoja.
Nionyeshe ulivyogawanya.

Hasemi. Anavaa glavu.

"Mjukuu wako ana umri gani?" Sajini anauliza,
haijulikani kwa nani, daftari au yeye.
"Miezi mitano."
Anaandika kitu. Huenda ni mitano.
"Mashine ibaki."

Nje, sleji nyepesi inamgonga visigino njia nzima.
Mikono haijui ikae wapi.
Vidole vinagonga mfukoni, juu ya paja,
herufi kwa herufi, na hata pale
kuna kimoja kinachoruka.

Nyumbani mtoto analia, mkwewe anachemsha maji yenye sukari.
Veturia anatafuta kwenye kabati la madaftari ya shule,
anapata kipande cha penseli, urefu wa kidole gumba,
kina alama za meno ya mtoto wa mtu.
Anakichonga kwa kisu cha viazi.
Penseli bado hawajaanza kuzisajili.
Anafikiri aandike nini kwanza,
lile jibu sahihi, au ukurasa wa pili.